Dawa Inayopungua Yenyewe

Katika mitaa ya Kariakoo mizani ni jambo la kugombaniwa. Mnunuzi wa vitunguu huangalia kwanza mshale umesimama wapi kabla mzigo haujawekwa, na akihisi amepunjwa huenda duka la pili kupima upya mfuko uleule. Serikali nayo ina mkono wake: Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya wafanyabiashara kila mwaka, na ugomvi wa lumbesa, lile gunia lililojazwa mpaka likavishwa kilemba, haujaisha hadi leo. Kilomita tatu hivi kutoka hapo, ukipita Mnazi Mmoja na Posta mpaka ufukweni, ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huko kuna kitu kinachopaswa kupimwa kwa uangalifu kuliko bidhaa yoyote ya sokoni, lakini anayepimiwa hana duka la pili la kwenda. Mgonjwa hulala kitandani, mlango mzito hufungwa, dakika chache hupita, mlango hufunguliwa. Hajaona kitu, hajasikia maumivu, hana mfuko wa kubeba mkononi. Amepewa kiasi gani? Ninavyoona mimi, jibu la swali hilo ni sehemu ya tiba yenyewe, na nchi inayohesabu mashine zake za saratani bila kuhesabu vipimio na wapimaji wake imehesabu nusu tu ya ilichonacho.

Jengo la zamani la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1897, likiwa hospitali yao ya pwani. Taasisi yenyewe ilipewa sheria yake mwaka 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini ambapo mgonjwa wa saratani angeweza kupata tiba ya mionzi. Mgonjwa wa Kigoma, wa Mtwara, wa Bukoba, wote walishukia Dar es Salaam. Wengi walikuwa, na bado ni, wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huongoza kwa kuwasumbua wanawake wa Tanzania. Tiba waliyoifuata kwa muda mrefu ilitoka ndani ya chuma kimoja kidogo: kobalti-60. Kobalti ya kawaida ni madini yasiyo na mionzi. Ikiwekwa ndani ya kinu cha nyuklia na kushambuliwa na nyutroni, kila atomu yake inayonasa nyutroni moja hugeuka kuwa kobalti-60, atomu isiyotulia. Siku yoyote, bila kuguswa, atomu hiyo hubadilika kuwa nikeli na kurusha miale miwili mikali ya gama. Miale hiyo hupenya ngozi, hufika kwenye uvimbe na kukata nyuzi za urithi ndani ya seli. Wagonjwa wa kwanza kutibiwa kwa kobalti walitibiwa nchini Kanada mwaka 1951, na tangu hapo chuma hicho kimebeba tiba ya saratani katika nchi nyingi ambazo hazikuwa na umeme wa uhakika wala mafundi wa kutosha. Sababu ni nyepesi: kobalti haihitaji umeme ili itoe mionzi. Inatoa tu, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Na hapo hapo ndipo penye ugumu wake. Kitu kinachotoa bila kukoma hupungua bila kukoma. Hakuna anayeweza kusema ni atomu ipi itakayobadilika leo na ipi itakayokaa miaka ishirini. Lakini atomu zikiwa nyingi, jumla yake hufuata kanuni iliyonyooka. Mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo hajui ni nani kati ya wapitao atakayeingia kununua, ila jioni anajua takriban ameuza jora ngapi, kwa sababu wapitao ni wengi. Kwake yeye mvua ikinyesha hesabu huharibika, na sikukuu ikikaribia hupanda. Kobalti haina mvua wala sikukuu. Chanzo kipya cha tiba huwa na mabadiliko ya mamia ya trilioni ya atomu kila sekunde, na katika umati mkubwa kiasi hicho bahati ya atomu moja moja hupotea, ikabaki kanuni. Kila baada ya miaka 5.27, nusu ya atomu zilizokuwapo huwa zimekwisha kubadilika. Muda huo huitwa nusu-uhai. Kwa mwezi upungufu ni asilimia 1.1 hivi, na kwa mwaka hufika asilimia 12. Si kwamba miaka 5.27 ya pili humaliza nusu iliyobaki: humaliza nusu ya hiyo nusu, na robo ikabaki, kisha moja ya nane. Kila isotopu, yaani kila aina ya atomu ya namna hii, ina saa yake. Iridi-192, inayotumika kwa tiba ya mionzi ya ndani, hupungua nusu kwa siku 74. Iodini-131 ya saratani ya tezi ya shingo huchukua siku 8. Teknesi-99m, ambayo huwaonyesha madaktari kama saratani imefika kwenye mifupa, huchukua saa 6 tu. Radi-226, iliyotumika zamani kabla ya hizi, huchukua miaka 1,600.

Tuangalie maana yake kwa foleni ya wagonjwa. Chukua mfano wa kobalti mpya inayompa mgonjwa kipimo chake cha siku, tuseme grei 2 (grei ni kizio cha mionzi inayopokelewa na mwili), kwa dakika moja na nusu. Baada ya nusu-uhai mmoja, mgonjwa yuleyule atahitaji kulala chini ya mashine dakika tatu. Baada ya nusu-uhai mbili, dakika sita. Wagonjwa 60 ambao mwanzoni walihitaji saa moja na nusu ya mionzi sasa wanahitaji saa sita, bila kuhesabu muda wa kumpanga kila mmoja kitandani, kazi ambayo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko mionzi yenyewe. Mashine ni ileile, chumba ni kilekile, wauguzi ni walewale, na hakuna kilichoharibika. Ila hospitali imekuwa ndogo mara nne. Anayepanga bajeti kwa kuuliza tu kama mashine inafanya kazi ataambiwa ndiyo, na jibu hilo litakuwa kweli na halitamsaidia kitu.

Mtu makini anaweza kusema: kama upungufu wenyewe ni kanuni ya asili, isiyobadilishwa na joto wala na mkono wa mtu, kwa nini tupime? Si tuchukue cheti cha kiwandani na kalenda, tukokotoe? Hoja hii ina nguvu, na kwa hakika hospitali zote hukokotoa. Jedwali la upungufu husahihishwa kila mwezi. Lakini kanuni ya asili haikosei, anayekosea ni anayeiandika. Kati ya mwaka 1974 na 1976, katika hospitali moja ya mji wa Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, mchoro wa upungufu wa kobalti ulichorwa vibaya, ukaonyesha kwamba chanzo kinaisha upesi kuliko kilivyoisha kweli. Kwa kuamini kwamba dawa imedhoofika, waliongeza dakika. Kila mwezi makosa yalikua kidogo, kutoka asilimia 10 za ziada hadi zaidi ya 40, na kwa miezi 22 hakuna aliyeweka kipimio mbele ya mashine kuona kama mchoro unasema kweli. Wagonjwa zaidi ya 400 walipata mionzi kupita kiasi. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1996, katika mji wa San José nchini Costa Rica, chanzo kipya cha kobalti kilifungwa na muda wa dakika 0.3 ukahesabiwa kama sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Kwa nukta hiyo moja, watu 115 walipewa mionzi iliyozidi kiasi kwa zaidi ya nusu, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Nchi zote mbili zilikuwa na wasomi, na mashine zote mbili zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa pili, mwenye kipimio cha pili, anayepima bila kuangalia jibu la wa kwanza.

Upimaji wenyewe hauna maajabu ya kuutazama, na labda ndiyo sababu hauandikwi magazetini. Mtaalamu wa fizikia tiba huweka chini ya mashine tangi la maji, kwa sababu mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji na mionzi hupita ndani yake kwa namna inayofanana. Ndani ya maji, kwa kina kilichopangwa, huzamisha kipimio chembamba kama kipande cha penseli, chenye uwazi mdogo uliojaa hewa. Miale ya gama ikipita humo huzichana molekuli za hewa zikawa na chaji ya umeme, na umeme huo mdogo mno ndio unaohesabiwa. Lakini kumbuka, kinachohesabiwa ni hewa, na hewa hutanuka. Chumba kikipata joto la nyuzi 30 badala ya nyuzi 20, hewa iliyomo ndani ya kipimio hupungua kwa asilimia 3 hivi, na namba inayosomeka hupungua nayo. Katika mji kama Dar es Salaam, kiyoyozi kikizimika mchana wa Februari, jambo hilo si la vitabuni. Ajabu zaidi ni hili: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara ya kuhakiki vipimio vya mionzi huko Arusha. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kipimio kilekile, mbele ya mionzi ileile, kitasema namba moja Arusha na namba nyingine Ocean Road. Ndiyo maana kando ya kipimio hukaa kipimajoto na baromita, na ndiyo maana hesabu ya kurekebisha haiwezi kuachwa kwa siku iliyojaa wagonjwa. Maabara ya namna hii nayo huhakikiwa na nyingine, hadi mlolongo ufike Sèvres, karibu na Paris, ilipo ofisi ya kimataifa ya vipimo. Ni mlolongo uleule unaofuatwa na jiwe la kilo moja, ila huku kinachopitishwa mkono kwa mkono ni grei.

Je, asilimia chache zina uzito gani? Sokoni, gramu 50 katika kilo ya maharage zitazua maneno, hazitazua msiba. Katika tiba ya mionzi wataalamu wa dunia wamekubaliana kwamba kipimo kinachofika kwenye uvimbe kisipishane na kilichoandikwa kwa zaidi ya asilimia 5, na hawakuchagua namba hiyo kwa kupenda usafi. Uvimbe na sehemu za mwili zisizo na saratani hutofautiana kidogo tu katika kuvumilia mionzi. Chini kidogo ya kiasi, seli za saratani huponea. Juu kidogo, kibofu au utumbo ulio jirani huumia. Makosa ya kuzidisha hujionyesha: ngozi huungua, mgonjwa hulalamika, siku moja daktari huuliza. Makosa ya kupunja hayana dalili hata moja. Mgonjwa aliyepewa asilimia 88 ya dawa yake humaliza wiki zake tano akiwa na nafuu, hata pengine akishukuru kwamba hakuungua kama mwenzake. Mwaka mmoja au miwili baadaye saratani hurudi, na nyumbani watu husema ugonjwa huu ndivyo ulivyo, au ni amri ya Mungu. Hakuna atakayefikiria jedwali ambalo halikusahihishwa. Hili ndilo linalonifanya nione kwamba kupunja ndiko kwa kuogopwa zaidi, hasa katika nchi ambayo wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshakomaa na kila anayekufa huonekana kama aliyekuwa anatarajiwa kufa.

Njia ya kuyakamata makosa hayo ipo, na haina gharama ya kutisha. Tangu mwaka 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakituma kwa posta, kutoka Austria, vipimio vidogo kwa hospitali za nchi zinazoendelea. Hospitali huambiwa: vipeni grei 2, kama ambavyo mngempa mgonjwa, kisha virudisheni. Vikirudi, maabara husoma vilipokea kiasi gani hasa. Ikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, hospitali huulizwa, hupima upya, na ikibidi mtaalamu hufunga safari. Hapa hatimaye mgonjwa anapata duka la pili, ingawa yeye mwenyewe hajui kwamba mfuko wake umepimwa tena.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya jana. Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine za LINAC, ambazo huzalisha mionzi kwa kuharakisha elektroni kwa umeme. Hazina kobalti ndani, hazina nusu-uhai, na mwisho wa siku zikizimwa huwa zimezimwa kweli. Ni maendeleo ya kweli, kwa sababu zinaulenga uvimbe kwa usahihi ambao kobalti haikuufikia. Ila kobalti iliposema uongo, uongo wake ulikuwa wa polepole na wa kutabirika: asilimia 1.1 kwa mwezi, hakuna zaidi. LINAC inaweza kuyumba wiki hii kwa sababu kifaa kimoja kimechoka, ikarudi sawa wiki ijayo baada ya fundi kupita. Hakuna kanuni ya asili inayokuambia leo inatoa kiasi gani, kwa hiyo hupimwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Tena, vipimio vinavyoipima LINAC katika sehemu nyingi duniani huhakikiwa kwanza mbele ya kobalti-60, kwa kuwa kobalti ndicho kiwango chenye kutulia. Aliyeondoa isotopu kwenye chumba cha tiba hajaiondoa kwenye msingi wa kipimo.

Isotopu zenyewe nazo hazijaondoka. Tiba ya saratani ya mlango wa kizazi haikamiliki kwa mionzi ya nje peke yake. Chanzo kidogo huingizwa karibu kabisa na uvimbe kwa dakika chache, na hapo kila milimita na kila siku ya kalenda ina uzito. Anayechagua iridi atahitaji chanzo kipya kila baada ya miezi mitatu au minne; anayechagua kobalti atakaa miaka. Kwa nchi inayoagiza vyanzo ng'ambo, kibali kwa kibali na ndege kwa ndege, uchaguzi huo ni wa kiuchumi kama ulivyo wa kitabibu. Teknesi ina taabu yake. Husafirishwa ikiwa bado mama yake, molibdeni-99, yenye nusu-uhai wa saa 66, ndani ya chombo cha risasi kinachokamuliwa teknesi kila siku hospitalini. Mzigo huo ukilala uwanja wa ndege siku moja kwa sababu karatasi haijagongwa muhuri, asilimia 22 ya ulicholipia imeyeyuka. Ukikaa saa mbili kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere kuja mjini, asilimia 2 nyingine zimekwenda. Hakuna aliyeiba, na hakuna wa kumdai.

Hofu ya watu nayo inastahili jibu, kwa kuwa neno mionzi linatisha. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya kobalti au LINAC hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ileile. Aliyemeza iodini-131 ni tofauti. Huyo kwa siku kadhaa mwili wake hutoa mionzi, naye hushauriwa kulala peke yake, kukaa mbali na watoto na wajawazito. Ushauri huo unafaa kwa mwenye nyumba ya vyumba vinne, lakini katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala, ambapo familia nzima hupanga chumba kimoja na wapangaji wote hugawana ukumbi, choo na ua, humwacha mgonjwa pabaya. Hapa kipimo humkomboa. Badala ya kumwambia ajitenge kwa muda wa kubahatisha, wataalamu humpima kwa kipimio kutoka umbali uliowekwa, na kwa kuwa iodini hupungua kwa njia mbili, kwa nusu-uhai wake wa siku 8 na kwa mkojo, mionzi ya mwilini hushuka upesi kuliko kalenda inavyosema. Namba iliyopimwa huweza kumrudisha mama nyumbani mapema, au kumzuia wodini siku mbili zaidi, na kwa vyovyote jirani wa ukumbini anakuwa na jibu la haki badala ya uvumi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la foleni. Kila saa mashine inapopimwa ni saa ambayo haitibu, na nje wamekaa watu waliosafiri siku mbili kwa basi. Kuwasubirisha kwa ajili ya tangi la maji kunaonekana kama ukatili. Sidai kwamba uchungu huo ni mdogo. Lakini wale 115 wa San José walitibiwa bila kuchelewa. Saa moja ya kupima ingegawanywa kwa wagonjwa wote wa miezi iliyofuata, ingekuwa chini ya dakika moja kwa kila mmoja. Kinachoweza kupunguza machungu ya foleni ni kuongeza wataalamu wa fizikia tiba ili wapime alfajiri na usiku, na kuweka fedha ya chanzo kipya kwenye bajeti tangu siku cha zamani kinapofungwa, kwa sababu tarehe ya kuchoka kwake inajulikana siku hiyohiyo. Ni nadra kitu kinachonunuliwa na serikali kuja na tarehe yake ya kuzeeka iliyoandikwa kwa usahihi hivyo. Mashine mpya ikizinduliwa kwa utepe na hotuba, mwandishi wa habari aulize pia: nani ataipima, kwa kipimio kilichohakikiwa lini, na chanzo kijacho kimetengewa fungu gani?

Chanzo kilichochoka kwa tiba hakijachoka kwa madhara. Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia nchini Brazili, mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki tupu ilichukuliwa na waokota vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sesi-137. Watu wanne walikufa na zaidi ya laki moja walipimwa kujua kama wameguswa. Dar es Salaam ni mji wa vyuma chakavu. Gerezani, pembeni tu ya Kariakoo, kila kipande cha chuma kina mnunuzi kabla jua halijazama. Kwa hiyo chanzo cha kobalti kikitolewa kwenye mashine ni lazima kibaki kwenye daftari, kwa namba na tarehe, hadi kirudishwe kiwandani au kifike kwenye hifadhi ya taka za mionzi ya Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha. Kobalti iliyotengenezwa mwaka 1980 leo imebaki na chini ya sehemu moja kati ya 300 ya nguvu yake ya mwanzo, na bado mtu mwenye kipimio anapaswa kupita mbele yake, kusoma namba, na kuiandika.